Likelemba ya Mafuta

Katika mtaa wa Ndosho, upande wa magharibi wa mji wa Goma, pale barabara iendayo Sake inapokutana na njia ya mawe meusi ya volkano, kuna mwanamke aitwaye Kanyere ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiuza petroli. Hana kituo wala pampu. Ana meza ya mbao, chupa zilizopangwa mbele yake, bidoni, yale madumu ya manjano, nyuma ya kiti, faneli iliyofungwa kitambaa cha kuchujia, na kopo la litre ambalo jua limelifuta maandishi yote. Mji mzima unawaita wauzaji wa namna yake kadafi, na jina hilo halimuudhi. Waendesha pikipiki za abiria, ambao Goma inawaita motari, humpita wakimsalimu kwa honi, naye huwaitikia kwa kuinua faneli.

Alizaliwa Butembo. Mama yake alikuwa akiuza unga wa muhogo sokoni, naye ndiye aliyemfundisha kwamba kipimo kikishajaa, mkono wa muuzaji hauna budi kurudi mara moja zaidi ndani ya gunia. Ile konzi ya ziada, ambayo Wakongo huiita matabishi, haina bei wala haidaiwi, lakini asiyeitoa hahesabiwi kuwa muuzaji. Kanyere aliihamisha desturi hiyo kutoka kwenye unga hadi kwenye petroli. Akishamimina litre ndani ya tangi, huchukua kifuniko cha chupa, hukijaza, na kukimimina pia. Motari wa njia panda ile wameizoea hata hawalifungi tangi kabla hawajaipata. Hubaki wameinamisha kichwa juu ya pikipiki kama watu wanaosubiri baraka, na wengine, kwa kuwa wengi wao ni Wakristo wa parokia moja, humaliza kwa kusema amina.

Mume wake ni Baharanyi, fundi wa chukudu, zile baiskeli nene za mbao zisizo na pedali ambazo hubeba magunia ya viazi kutoka Kibumba hadi mjini kwa nguvu ya mteremko na ya miguu ya mwenyewe. Ni mtu wa maneno mengi na hasira chache. Kwake yeye, kila kinachokunywa mafuta ni mlevi.

Basi ukaja mwaka ambao bei ya petroli ilipanda hata ikawa gumzo la kwanza la asubuhi, kabla ya habari za wagonjwa na za vita. Nauli ikapanda, nyanya zikapanda, na kila aliyepandisha alisema ni kwa sababu ya mafuta. Sababu hiyo haikuwa ya uongo. Mafuta ya Goma hutoka mbali, baharini, hukatiza nchi mbili, huingia kwa njia ya Rutshuru kupitia kizuizi baada ya kizuizi, hushushwa kwenye depo, ghala kubwa la mafuta, huchukuliwa na mwenye lori, humfikia mwenye mapipa, na mwishowe hufika mezani pa Kanyere. Kila mkono unaoyapokea huongeza chake. Na mkono wa mwisho, ambao ndio unaopata kidogo kuliko yote, ndio pekee ambao mnunuzi anauona. Kwa hiyo lawama zote za bahari na za nchi mbili zilimwangukia mwanamke mmoja mwenye faneli.

"Mama Kanyere," alisema Paulin asubuhi moja, "uko nauza mafuta ao manukato? Uniambie, nijipake kwa shingo, niache kuitia kwa pikipiki."

"Jipake," Kanyere alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kopo. "Muke yako njo atafurahi kwanza."

Wenzake Paulin walicheka. Yeye ndiye mkubwa wa motari wa njia panda ile, mtu mpole na mrefu, na Jumamosi husoma masomo katika shirika, ile jumuiya ndogo ya sala ambayo Kanyere pia ni mwanachama wake. Alicheka pamoja nao, akapokea matabishi yake, akaondoka. Lakini siku chache baadaye alirudi, akazima pikipiki, akavua kofia, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mama, tumekubaliana kitu, na hatupendi uisikie kwa batu wa inje," alisema. "Tunaanza likelemba ya mafuta."

Likelemba ni desturi ambayo hakuna mtu wa Goma asiyeijua, na tangu benki za mji zilipofunga milango kwa sababu ya vita imekuwa ndiyo benki ya wengi. Watu wanaoaminiana huchanga, na fungu zima humwendea mmoja wao. Hapo huchanga tena, likamwendea mwingine, hadi wote wapate. Kwa njia hiyo watu wamenunua mabati, wameoa, wamezika wazazi wao kwa heshima. Sasa motari walikuwa wameazimia kuchangia pipa. Wangelinunua depo wenyewe, bila mwenye lori, bila mwenye mapipa, na bila kadafi.

Kanyere aliweka kopo mezani. "Na mimi, Papa Paulin?"

"Njo ile inatuumiza," alisema Paulin akiizungusha kofia mikononi. "Lakini wateja banakataa kupanda. Tunarudi nyumbani mikono mitupu. Hatuna njia ingine."

Kanyere alielewa upesi. Wenye magari hujaza kwenye vituo, kwa hiyo meza yake iliishi kwa pikipiki, na pikipiki zenyewe zilikuwa hizi. Zikiondoka, hatakuwa na sababu ya kufungua asubuhi, na mahali pale, alipopalinda kwa jua na kwa vumbi la volkano ya Nyiragongo, patachukuliwa na muuza simu. Hakuijua kazi nyingine. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuweza hata kuwakasirikia, kwa maana walikuwa na haki.

Jioni ile, wakiwa mbele ya sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, alimweleza mumewe.

"Walisema kweli," alimaliza. "Mukono moja ikitoka, bei inashuka. Na mukono ya kutoka ni yangu."

"Nimesema tangu zamani," Baharanyi alijibu akimega fufu. "Chukudu haijawahi kunywa hata tone."

"Chukudu yako inaweza kubeba mugonjwa mupaka hospitali?"

"Kama ni muteremuko, itafika mbele ya pikipiki."

"Na kama ni mulima?"

"Kama ni mulima, mugonjwa atashuka asukume kidogo. Atapona njiani."

Kanyere alicheka hata akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, na haikujulikana kama machozi yale yote yalikuwa ya kicheko. Kabla ya kulala alishika rozari yake. Hakuomba bei ibaki juu, wala hakuomba motari washindwe, kwa kuwa aliona haya kupeleka mbele ya Mungu hasara ya jirani. Aliomba asinyimwe kazi. Mengine aliyaacha.

Kura ilipigwa, na zamu ya kwanza ikamwangukia Tuyisenge, mzaliwa wa Kibumba aliyekuwa amepata mtoto mchanga, na wote wakaona kwamba kura ilikuwa na akili. Pipa lilinunuliwa kwa bei nzuri kweli, likapelekwa nyumbani kwake kwa shangwe. Hapo ndipo lilipoonekana kosa, nalo lilikuwa kosa ambalo wangelifanya tu watu waliolelewa ndani ya likelemba. Maana sheria ya likelemba ni kwamba fungu haligawanywi. Kumwomba mwenzako sehemu ya zamu yake ni aibu kubwa, na mwenye zamu anayelivunja fungu lake hadharani ni kama anayewatukana waliomchangia. Basi Tuyisenge akawa na mafuta ambayo pikipiki moja haingeyamaliza upesi, na wenzake wote, waliokuwa wametoa walichokuwa nacho, wakabaki na matangi makavu. Hakuna aliyethubutu kumwomba. Naye, kwa kuwaheshimu, hakuthubutu kuwapa.

Wakaanza kurudi kwa Kanyere mmoja mmoja, wakisukuma pikipiki kwa mkono, wakinunua nusu litre na robo litre. Siku zilezile malori yalichelewa njiani, na kadafi wa ng'ambo ya barabara akapandisha bei tena. Yule wa ng'ambo alimfuata Kanyere, akamnong'oneza kwamba watu waliomtupa wamejileta wenyewe, na kwamba asipopandisha sasa hatapandisha tena kamwe. Kanyere alimsikiliza kwa adabu. Alifikiri juu ya karo ya wanawe, na alifikiri kwa uzito, kwa sababu ushauri ule haukuwa wa kipumbavu. Lakini alipomwona Paulin akija jasho likimtoka, akisukuma pikipiki yake kwenye kile kipande cha mawe, aligundua kwamba hangeweza kumtajia bei mpya huku akimtazama usoni. Akamuuzia kwa bei ya jana. Akajaza kifuniko cha chupa, akamimina.

Paulin alibaki ameinama juu ya tangi. "Hata matabishi, mama?"

"Matabishi haina kosa," alisema Kanyere. "Funga tangi, jua linakula mafuta yako."

Kesho yake alikuja mtu ambaye hakumtarajia. Alikuwa Mukamazimpaka, mjane mwenye nyumba alimopanga Tuyisenge, mwanamke mnene na mwenye heshima, akiwa ameziba pua kwa kitambaa ingawa alikuwa amekwisha kuiacha harufu mbali nyuma yake.

"Mama Kanyere," alisema akijikalisha kwenye bidoni tupu, "weye unajua tabia ya hii kitu. Kuja utoe ile bombu kwa nyumba yangu."

"Tuyisenge ameiweka ndani?"

"Kwa chumba, kando ya kitanda ya mutoto. Anasema akiiweka inje bataiba. Mupangaji mwema, siwezi kusema kitu juu yake. Lakini nyumba yangu ni ya mbao, mama, na siye tunapika kwa makara. Tangu pipa iingie, hakuna mutu amewasha moto kwa nyumba zote za parcelle. Tunakula baridi kama batu ba kifungo. Jana nimekunywa chai ya maji ya bomba."

Kanyere hakucheka, kwa sababu alijua. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kulaza petroli mahali watu wanapolala. Nyuma ya meza yake kuna kijumba cha mawe meusi, kifupi kama banda la mbuzi, ambacho Baharanyi alimjengea na kukifunika kwa bati, na hakuna mkaa wala sigara inayokaribia pale. Alisimama, akalifunika kopo lake, akamwita mumewe, na wote watatu wakaenda kwa Tuyisenge.

Tuyisenge alikuwa amekaa mlangoni na mkewe, mtoto mapajani, wakinusa hewa ya nje. Alipoelezwa hakubisha kuhusu hatari, kwa maana kichwa kilikuwa kinamuuma tangu alfajiri. Lakini alishika ukingo wa pipa. "Ni zamu yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Sikuiba kwa mutu."

"Hakuna mutu anasema uliiba," Kanyere alimwambia. "Tunaipeleka kwa nyumba yangu ya mawe tu. Itabaki yako."

Swali likawa namna ya kulibeba. Pipa lililojaa petroli haliwekwi juu ya pikipiki. Hapo Baharanyi, ambaye siku hiyo ilikuwa kama sikukuu yake, alileta chukudu yake kubwa kuliko zote, wakalifunga pipa kwa kamba za mpira, wakaanza kushuka kuelekea barabarani, yeye mbele akishika usukani wa mti wa mkaratusi, Tuyisenge nyuma akizuia, Mukamazimpaka kando akiwafukuza wavuta sigara kwa mwavuli. Motari walisimama kutazama.

"Muzee Baharanyi, mafuta leo inapanda chukudu?" mmoja alimtania.

"Inachoka kutembea na pikipiki zenye njaa," Baharanyi alimjibu bila kugeuka. "Pisheni. Munaona namna mukubwa anabeba chakula ya batoto."

Walipofika njia panda, motari wote walikuwa nyuma yao, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mafuta ya kumpeleka popote, wakabaki. Ukawa mkutano ambao hakuna aliyeuitisha. Kanyere alisimama mbele ya meza yake. Alikuwa amezoea kuongea na mtu mmoja mmoja juu ya tangi, hakuzoea kundi, na alipoanza kusema vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua kitambaa cha faneli.

"Muniache niseme," alisema. "Kisha mutanifukuza, kama munapenda. Likelemba ni ya kitu yenye kukaa. Mutu anapata bati, anaezeka, inakaa. Hii haikai. Hata ukikaza kifuniko inatoka polepole, na ukikosea inakuchoma na mutoto. Nunueni pipa pamoja, sawasawa na mulivyofanya. Lakini isiende kwa mutu. Ibaki hapa, kila mutu achote ile ya leo, na aweke pesa kwa bei ya depo. Hii ikiisha, ile pesa njo inanunua ingine. Hamutachanga tena."

Walitazamana. Motari mmoja aliyekuwa wa mwisho kwenye kura alikunja uso. "Na zamu yangu, mama?"

"Zamu yako ni kila asubuhi."

Wengine waliguna kwa kukubali, lakini Paulin alikuwa bado anafikiri, na swali aliloliuliza ndilo ambalo Kanyere alikuwa akiliogopa. "Siye tuko barabarani mupaka jioni. Nani atakaa na pipa?"

"Mimi."

"Na weye utakula nini?"

"Kwa kila litre munilipe nusu ya ile nilikuwa napata kwenu zamani," alisema Kanyere, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia. "Siombi huruma. Nataka mushahara ya kukaa, ya kupima, na ya hii nyumba ya mawe."

"Nusu?" mmoja alidakia. "Mama, kule depo nachota bila kulipa mutu wa kukaa."

"Nenda depo. Utachoma litre moja kwenda kutafuta litre moja."

Kicheko kilipanda, na yule aliyedakia akacheka pia, kwa kuwa wote walimjua kuwa ndiye mwenye pikipiki inayokunywa kuliko zote. Kilipotulia, macho yote yalimgeukia Tuyisenge. Kwa haki ya likelemba pipa lile lilikuwa lake peke yake, na hakuna hata mmoja, si Paulin, si Kanyere, aliyekuwa na ruhusa ya kulifungua. Alitazama pipa. Alimtazama Mukamazimpaka.

"Usinitazame," alisema mjane. "Kama hiyo inarudi kwangu, mutarudi pamoja, na mutalala pamoja kwa barabara. Mutoto na mama yake batabaki."

Tuyisenge alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu apate bahati yake. Akatia mkono mfukoni, akatoa spana ya kufungulia pipa, akaiweka juu ya meza mbele ya Kanyere. "Nichotee ya leo, mama," alisema. "Na mimi nitalipa kama wote."

Hivyo ndivyo bei ilivyoshuka katika njia panda moja ya Ndosho. Haikushuka kwa muujiza. Bahari ingali mbali, vizuizi vingali vingi, na lori likikwama Rutshuru bei hupanda hapa kama kwingine, ila hupanda kutoka mahali pa chini zaidi. Mikono miwili imetoka katikati ya depo na tangi, na ule wa mwisho umebaki kwa kibali cha wenyewe. Kadafi wa ng'ambo alishusha bei baada ya majuma machache, kwa shingo upande. Akina mama wanaokwenda soko la Birere wameanza tena kupanda pikipiki asubuhi badala ya kutembea na mizigo kichwani. Kanyere hupata kidogo kwa kila litre, lakini litre zimekuwa nyingi, kwa sababu motari walikubali kwamba hata mpita njia auziwe kwa bei ileile, ili pipa liishe mapema na jipya lije. Wanawe wanasoma. Baharanyi ameomba, na amepewa, kazi ya kubeba kila pipa kutoka depo, na hakuna siku anayosahau kulitaja jambo hilo mbele ya pikipiki.

Juzi alisimama pale motari mgeni, mtu wa Mugunga, akielekea mjini. Aliuliza bei, akaambiwa, akashuka kwenye pikipiki kwa mashaka.

"Mama, umechanganya na maji?"

"Nyoosha mukono," alisema Kanyere.

Alimdondoshea kidogo kiganjani. Mgeni alisugua, akaona baridi inakuja na kuondoka, kiganja kikakauka bila kuacha kitu. Akanusa. Akatazama kijumba cha mawe, akawatazama motari waliokuwa kwenye foleni wakizungumza mpira, akajaza tangi hadi shingoni. Alikuwa anataka kulifunga, Kanyere akamzuia kwa kidole, akajaza kifuniko cha chupa, akaongeza.

"Hii ni ya nini?"

"Matabishi. Kwenu huko Mugunga habaitoi?"

Alipoelezwa habari ya pipa, mgeni alisikiliza mpaka mwisho, kofia yake ya chuma ikiwa kwapani. Kisha akasema kwamba hata wao, pale kwao, wangeweza kuchangia pipa, pesa kidogo haikosekani, na depo inajulikana.

"Pesa mutapata," Kanyere alimwambia, akipangusa faneli. "Kwanza tafuteni mutu wa kukaa na pipa."